VMFS 6: nunueni nafasi ya kuhamia

Wikendi nzima nilikuwa chumba cha seva cha mteja mmoja, nikihamisha mashine pepe 23 kutoka VMFS 5 hadi VMFS 6. Meneja wao akaniuliza lile swali la kila siku: kwani hakuna kitufe cha kubofya tu, yaishe?

Zamani kilikuwepo. vSphere 5.0 ilipotoka mwaka 2011, uliweza kugeuza VMFS 3 kuwa VMFS 5 palepale, mashine zikiendelea kufanya kazi. Tulishangilia. Lakini iliyogeuzwa haikuwa sawa na iliyoundwa upya: ilibaki na bloku za ukubwa wa zamani na ukomo wa faili 30,720, ilhali mpya hubeba zaidi ya 100,000. Ni kupaka matatu kuukuu rangi, injini ni ileile.

VMFS 6 ilikuja na vSphere 6.5 mwaka 2016, na kitufe hakipo. Metadata imepangwa upya ili ilingane na diski za sekta za KB 4, kwa hivyo lazima uunde hifadhi mpya, uhamishe mashine kwa Storage vMotion, kisha ufute ile ya zamani. Wengi wanalalamika. Mimi naunga mkono. Kwenye VMFS 5 ukifuta mashine, mtambo wa diski haujui nafasi imerudi mpaka uendeshe amri ya unmap kwa mkono, na nani hukumbuka? VMFS 6 huirudisha yenyewe polepole.

Shida ni pesa. Kuhama kunahitaji nafasi tupu, na wakubwa hawataki kuinunua. Mwaka jana mteja mwingine alikataa kata kata. Kijana wao wa IT akanakili mashine kwenye diski moja ya nje, akafuta hifadhi, diski ikafa. Mashine ya mishahara ilikuwa humo. Walilipa watu kwa kukisia kwa miezi miwili, na aliyefutwa kazi ni yule kijana, si aliyekataa kutia sahihi.

Kabla ya kuanza, hakikisha seva zako zote ni ESXi 6.5 au zaidi, la sivyo hazitaiona hifadhi mpya. Na hifadhi ya zamani ikigoma kuachia, angalia faili za ISO. Jumapili nilipoteza saa mbili kwa sababu mashine moja bado ilikuwa na "CD" ya Windows tumboni.