Hodhi la Mgeni, Beseni la Dada

Kaka yangu amejenga bafu. Yeye anasema amekarabati. Mimi nakataa hilo neno, kwa sababu kukarabati ni kurudisha kitu kwenye uzima wake, na alichofanya hakikurudisha chochote. Nyumba ni ya wazazi wetu, iko Sinza, kwenye vile viwanja vidogo vya mradi wa miaka ya 1970, ambako ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kumsalimia jirani. Mwaka jana akaamua kuipandisha hadhi. Akaja fundi, likaja lori la marumaru, mifuko ya saruji ikapangwa kwenye kibaraza cha Mama, na baada ya miezi mitatu tukaitwa kuja kuona.

Jamani. Hodhi jeupe la kujilaza. Bomba la mvua lenye kichwa kipana kama sahani ya pilau. Choo kimening'inizwa ukutani kama picha. Kioo kina taa pembeni, na marumaru za kijivu zinang'aa kutoka sakafuni hadi darini, kijivu kilekile ambacho siku hizi kiko kwenye kila nyumba mpya ya Dar. Wifi yangu akapiga picha. Mimi nikatoka uani kutafuta karo.

Karo halikuwepo.

Nieleze kidogo, maana wasomaji wengine humu wamekulia ghorofani. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na karo la kufulia ambalo Baba alilijenga kwa saruji mwenyewe, wikiendi baada ya wikiendi. Baba alikuwa karani, ujenzi si fani yake, na karo lilikuwa limepinda kidogo upande wa kushoto. Lakini lilikuwa na sehemu mbili, ya kufulia na ya kusuuzia, na upande mmoja alikuwa ameweka mteremko wenye mistari wa kusugulia kola. Juu alitupia mabati manne. Na lilikuwa usawa wa kiuno cha Mama. Alimsimamisha Mama pale, akampima kwa kamba ya katani, ndipo akaanza kupanga matofali. Sikumbuki Baba akimwambia Mama maneno matamu hata siku moja. Karo lile nalikumbuka.

Limevunjwa. Nafasi yake imeliwa na bafu la chumba masta, na kipande cha ua kilichobaki kati ya ukuta na mfuniko wa chemba hakizidi hatua mbili. Hapo ndipo binti anayetusaidia kazi anapofulia sasa. Ana miaka kumi na tisa. Anafulia watu saba, mara tatu kwa wiki, amechuchumaa au ameinama, beseni chini, bomba liko usawa wa kifundo cha mguu, juani. Mvua ikinyesha anahamia mlangoni mwa jiko. Siku nilipomkuta alikuwa anasimama kwa awamu mbili, kwanza anashika magoti, halafu anashika ukuta, kama bibi wa miaka sabini. Nikamuuliza mgongo vipi. Akasema, "Kawaida tu, aunti."

Nataka nigombane na hiyo "kawaida".

Sikatai watu kuoga vizuri. Choo safi ndani ya nyumba ni ukombozi, na aliyewahi kutoka nje usiku wa manane na tochi huku tumbo linamsokota hahitaji kuelezwa. Serikali yetu imetuhubiria vyoo kwa miaka mingi: kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakusanya watu vijijini kusikiliza na kuchimba, na Nyumba ni Choo ilipokuja mwaka 2017 ikatuambia wazi kwamba nyumba isiyo na choo si nyumba. Nakubali kabisa. Ila hakuna aliyewahi kusimama akatuambia nyumba isiyo na mahali pa kufulia si nyumba. Tunakula mara tatu, tuna jiko. Tunalala, tuna vyumba. Nguo tunavaa kila siku ya Mungu, na kazi ya kuzifua inafanyika popote patakapobaki baada ya wakubwa kumaliza kugawana kiwanja.

Hebu tazameni lugha yenyewe. Kiswahili kina adabu kubwa linapokuja suala la haja. Tuna choo, tuna msala, tuna maliwato, na mtu akiona yote hayo mazito anaomba tu aonyeshwe "pa kujisaidia". Mahali pa kufulia tunapaitaje? Sehemu ya kufulia. Pale nyuma. Wauza ramani za nyumba wakipaweka, wanapaandika kwa Kiingereza, kama kwamba shughuli yenyewe ililetwa na meli. Mfuaji wa kulipwa tulimpa jina kutoka India, dobi. Na kitenzi chenyewe vijana wamekifanyia nini? Kufulia ni kuishiwa. "Jamaa kafulia" maana yake hana kitu, kaisha. Lugha inasema ukweli ambao sisi tunauficha kwa marumaru: kwetu mtu anayefua ni mtu aliyeshindwa kumtafuta wa kumfulia.

Na sisi wa vitabu tusijifanye wasafi. Fungueni riwaya zenu. Mhusika "akaenda kuoga" kwenye aya ya kwanza, kwenye aya ya pili anang'aa, amevaa shati lililonyooshwa. Maji yaliingia vipi bafuni? Shati lilinyooka lenyewe? Adam Shafi aliwahi kulikataa jambo hili. Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, ilimchukua Kijakazi, mtumishi, ikatulazimisha tuitazame nyumba kubwa kutoka mahali alipo yeye. Lakini hesabuni ni wangapi wamefuata njia hiyo. Nimekaa na rafu yangu jioni nzima na nimepata vifo vingi na mapenzi mengi ya mbalamwezi, na beseni nimelikuta mara chache mno, na likiwepo limewekwa ili msichana aonekane mzuri akiwa ameinama.

Hata wakubwa wa dunia wanateleza hapo. Tanizaki, Mjapani yule, kwenye insha yake ya mwaka 1933 kuhusu kivuli, anaanza na masumbuko ya mtu anayejenga nyumba ya asili huku ana nyaya za umeme na mabomba ya kuficha, halafu anakisifu choo cha kale cha Kijapani kama mahali pa utulivu wa roho. Naipenda sana insha ile. Kila nikiisoma najiuliza nani alisugua zile mbao.

Msikimbilie kuniambia Waswahili wa zamani walijua zaidi. Walijua, kwa kiasi. Kwenye nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, choo kilikuwa huko ndani kabisa, pembeni mwa vyumba vya bibi wa nyumba, na kilikuwa na birika la maji ambalo chini yake walipachika bakuli la kaure, ili samaki wadogo waliowekwa kula viluwiluwi vya mbu wabaki na maji birika likipungua. Akili ya ajabu. Lakini birika halijijazi. Nyumba zile ziliendeshwa na watumwa, na kuchota maji ilikuwa kazi yao. Kwa hiyo tukirithi uzuri tuukubali na mzigo wake, tusichague kaure tukaacha ndoo.

Turudi Sinza. Maji kwetu ni ya mgao, na wiki ikiwa nzuri yanatoka siku mbili. Hodhi kama lile linameza lita 150 hivi. Ndoo yetu kubwa ni lita 20, kwa hiyo mtu mmoja akitaka kujilaza kama wa kwenye filamu anatumia zaidi ya ndoo saba, na simtank la lita 1,000 linakwisha kabla ya familia kumaliza zamu. Nani atafanya hivyo? Hakuna. Tangu lijengwe hodhi limeogewa mara moja, na wifi, siku ya picha. Sasa hivi limejaa maji ya akiba na kata ya plastiki inaelea juu yake. Ndiyo, tumetumia mamilioni kununua pipa.

Ningecheka tu nikaacha, kama si Mama.

Mama ana miaka 74. Wiki ya tatu baada ya ufunguzi aliingia bafu jipya alfajiri kutawadha. Zile marumaru zinazong'aa zikilowa ni kama zimepakwa mafuta. Fundi hakuweka mteremko wa kutosha kwenda kwenye tundu la maji, kwa hiyo maji yanatuama mlangoni, palepale mtu anapokanyaga kwanza. Hakuna pa kushika. Akaanguka, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Na mlango unafungukia ndani, yeye alikuwa amelala nyuma yake, kwa hiyo ikabidi binti, huyohuyo wa beseni, ausukume kidogo kidogo, apenye ubavu, amwinue. Kila nikisikia neno "kisasa" nauona ule mlango.

Kaka alipoambiwa alisema, "Dada, si ajali tu?" Si ajali tu. Ni matokeo ya kujenga ukimfikiria mgeni. Marumaru zenye ukwaruzo zipo dukani, zinakaa rafu moja na zile za kung'aa. Chuma cha kushikia pembeni mwa choo ni kazi ya nusu saa. Mlango wa kufungukia nje hauongezi hata senti kama umesemwa kabla fremu haijawekwa. Haya yote yanashindwa kwa sababu moja, kwamba hayaonekani kwenye picha. Mama sasa anaoga kwenye kile choo cha zamani cha uani ambacho kaka alikiacha "kwa ajili ya mafundi". Kuna kigoda, kuna ndoo, sakafu ni saruji iliyochorwa mistari. Hajateleza.

Najua jibu linalokuja: nunueni mashine ya kufulia, mwanamke huyu analalamika nini. Nunueni, inaokoa migongo. Lakini mashine nayo inataka mahali. Inataka bomba lenye msukumo, na tangi lililokaa chini ya usawa wa dari halina msukumo huo bila pampu. Inataka njia ya kumwagia maji machafu, na plagi iliyo mbali na maji. Nimeziona nyumba ambako mashine imesukumwa bafuni, waya wa kuunganishia umepita juu ya sakafu inayooshwa kila asubuhi, na watoto wanaruka. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, nani anazitoa zile nguo nzito zinazotiririka maji na kuzimalizia kwa mkono? Tunarudi kwa yuleyule, kwenye beseni lilelile.

Jibu la pili ni la kaka: hela ni zangu. Sawa. Mikono si yako.

Nilimwita fundi mwingine, mzee mmoja asiye na picha za kuonyesha, akapiga hesabu ya karo la sehemu mbili, paa la mabati, sakafu yenye mteremko, bomba usawa wa kifua na mfereji wa kupeleka maji ya sabuni nje bila kuyapitisha kwenye shimo la choo, maana shimo letu linajaa upesi kuliko zamani. Jumla yake haikufika bei ya hodhi tupu, kabla hata ya kulipia usafiri wake. Nafasi tunayo, tukiondoa jenereta bovu ambalo limekaa pale miaka sita likingoja spea.

Fundi aliniuliza karo liinuliwe kiasi gani. Nikamwita binti asimame ukutani. Hakuelewa mwanzoni, akadhani kuna kitu kimepotea na anaulizwa yeye. Tukachora alama kwa mkaa usawa wa kiuno chake, ambao ni mrefu kuliko wa Mama kwa karibu upana wa kiganja.

Jumapili kaka akaja, akaiona alama. Anasema karo likijengwa hapo litaonekana kutoka dirisha la masta na kuharibu mandhari. Nimemwambia aweke pazia.