Tupeni Ufunguo wa Stoo

Kila mwaka ikikaribia Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wetu wa muziki hapa Lobule hupata mgeni. Anatoka Arua mjini na gari jeupe, karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu nene. Siku mbili tatu hivi anawafundisha "kujiamini jukwaani". Simama wima. Watazame watu. Jiambie moyoni, naweza. Halafu soda, fulana, picha, na adungu zinarudi stoo. Kufuli mpaka mwaka ujao.

Mimi nafundisha adungu hapa Koboko na nasema wazi: huko si kumfundisha mtoto kujiamini, ni kumpaka rangi.

Kujiamini kwa mpigaji kunakaa vidoleni. Mkono ukishapita pale pagumu polepole, mara nyingi, siku nyingi, hata moyo ukidunda namna gani vidole vinajua njia. Kama haujapita, hotuba itausaidia nini? Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wanafunzi wa fidla kule Berlin. Wale bora walikuwa na saa nyingi za kujifunza peke yao, kwa vipindi visivyo virefu, akili yote ikiwa kazini, kisha wanapumzika na kesho wanarudi. Hiyo kesho ndiyo sijawahi kuiona kwenye bajeti ya warsha.

Watasema maneno nayo yanasaidia. Sawa, yanasaidia. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliotamka "nina hamu" kabla ya kuimba waliimba vizuri kuliko waliotamka "nina wasiwasi". Lakini hiyo ni chumvi, jamani. Chumvi bila posho inamshibisha nani?

Na adungu yenyewe haitaki kufungiwa. Ni chombo cha Waalur, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka Kongo: mti uliochongwa, ngozi, nyuzi za nailoni. Nyuzi zinalegea. Mtoto anayepewa adungu Juni 18 anamaliza siku nzima akikaza nyuzi, kesho yake anajifunza wimbo, keshokutwa anasukumwa mbele ya wakubwa na spika. Akitetemeka, eti hana kujiamini!

Sisi wazazi pia tuna letu. Tunapenda kusema "huyu ana kipaji, yule hana", na mtoto akikosea tunacheka. Hebu waangalieni watoto wa kwaya. Mbona hawatetemeki? Kila Jumapili wanaimba mbele ya shangazi zao, wanakosea, wanaendelea, na wiki ijayo wako pale pale. Hakuna aliyewafanyia warsha.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, ufunguo ukae kwa kamati ya wakimbizi. Saa moja kila jioni, daftari la kusaini, na pesa kidogo ya nyuzi. Ijumaa watoto wapigie majirani, wimbo mmoja mmoja, bila maikrofoni. Adungu mbili tatu zitavunjika, najua. Mafundi wa kuzichonga wapo hapa hapa West Nile. Na kama mnaogopa wizi, njooni tuandike majina pamoja. Jioni tunakuwa chini ya mwembe, kwa sasa tunapiga makofi tu.