Redio ya sasa haina saa ya mwalimu

Tangu alipofariki Leonard Mambo Mbotela, Februari 7, 2025, wako walimu hapa Mosocho na kwingineko nchini ambao hawachoki kusema kwamba redio ya kweli ilizikwa pamoja naye. Wanapokitaja kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza mwaka 1966 na kudumu hewani kwa zaidi ya nusu karne, hutaja pia salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo, na zile betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya jioni. Baada ya hapo hulaumiwa vijana wa FM kwa kelele zao.

Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini nahofia kwamba walalamikaji wanautafuta mahali pasipo pake. Sauti nzuri zingalipo. Hata lugha yetu, ukiihesabu kwa saa, haijapata kusikika hewani kama inavyosikika leo. Enzi za Sauti ya Kenya, na hata baada ya shirika hilo kuitwa KBC mwaka 1989, Ekegusii kilitufikia kutoka kituo cha Kisumu, kikigawana muda na lugha nyingine za magharibi mwa nchi. Zamu yetu ikipita, mtu alizima redio akaokoa betri. Leo Minto FM ya KBC na Egesa FM ya Royal Media Services hutangaza kwa lugha hiyo mchana kutwa. Kwa jamii iliyohesabiwa kuwa watu milioni 2.7 katika sensa ya 2019, hiyo si haba. Jina lenyewe la Minto, yaani kwetu, ni dalili ya umbali tuliokwisha kwenda tangu siku za kungojea zamu.

Basi kilichopotea ni nini? Kwa maoni yangu, kilichopotea ni ratiba.

Redio ya zamani ilimwekea msikilizaji ahadi. Saa ya matangazo ya vifo ilijulikana, na mtu aliyefanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho au bandarini Mombasa alitega sikio saa hiyo kwa kuwa hakukuwa na simu mfukoni. Jina la marehemu lilisomwa polepole, pamoja na majina ya watoto, ndugu, kijiji na siku ya mazishi. Saa ya muziki ilijulikana pia. Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, alifahamika katika nyumba ambazo hazikuwa na hata santuri moja, kwa sababu kulikuwa na saa ya kumsikiliza. Msikilizaji hakulipa kitu kwa kipindi hicho, wala hakuulizwa angenunua nini kikiisha.

Mwalimu naye alikuwa na saa yake. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ilitayarisha vipindi vya shule ambavyo redio ya taifa ilivirusha wakati wa masomo, na shule zilipelekewa ratiba pamoja na vijitabu vya maelezo ili mwalimu ajue la kufanya kabla ya kipindi na baada yake. Darasa zima liliketi kimya mbele ya redio moja juu ya meza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, asiye na maktaba wala mkaguzi wa karibu, aliazima kwa nusu saa sauti ya mtu aliyekuwa amejitayarisha. Nani leo anaweza kumtajia saa ambayo kituo chochote cha FM kinamngoja yeye na wanafunzi wake?

Hata hivyo, tusijidanganye kwa kuipaka sukari redio ile. Taarifa ya habari ilianza na Rais alikokwenda na alichosema, na mengine yakafuata kama nafasi ilibaki. Ilikuwa sauti ya mwenye serikali, na ndiyo maana wanajeshi wa anga walioasi Agosti 1, 1982 walikimbilia kwanza studio na kumlazimisha Mbotela huyo huyo atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Mkulima wa Mosocho angeweza kutuma salamu kwa mashemeji wote hadi Tanzania, lakini hakuwa na pa kuuliza kwa nini barabara yake haipitiki. Na mazoea hayo hayajaisha: Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya redio na televisheni vikome kutangaza maandamano moja kwa moja, hadi mahakama ilipoisimamisha amri hiyo.

Ukoloni huo wa hewa ulivunjwa pole pole. Capital FM ilianza mwaka 1996, Kameme FM ikafuata mwaka 2000 kwa lugha ya Kikuyu, na kila jamii kubwa ikapata yake. Mwanzoni tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mama wa sokoni Daraja Mbili alipiga simu akasikika. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, diwani na gavana wamelazimika kujibu maswali kwa lugha ambayo muulizaji anaimudu.

Lakini saa ya redio sasa ni bidhaa, na bidhaa huenda kwa mwenye fedha. Anayetaka kuuza sabuni, mkopo au mbolea hununua saa ambayo watu wengi wameamka. Ndiyo sababu vipindi vya asubuhi katika vituo vingi, viwe vya Kiswahili, Kiingereza au lugha za mama, vinafanana kama mayai: watangazaji wawili, vicheko, na kisa cha mume aliyefumaniwa. (Watoto wakiwa ndani ya matatu kwenda shule, wanasikiliza hayo hayo.) Mchana ukifika, msikilizaji anahimizwa atume shilingi zake kwa simu ili abahatike katika mchezo wa bahati nasibu. Mambo yalifika mahali ambapo, Aprili 29, 2025, bodi inayosimamia michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku thelathini. Kuchukua nafasi kati ya wimbo na wimbo ni jambo moja. Kilichotokea hapa ni kwamba yule aliyekuwa akitumiwa salamu amegeuzwa kuwa mteja wa kuvuliwa.

Kati ya redio ya serikali na redio ya mfanyabiashara kulikuwa na njia ya tatu, na ilijaribiwa jirani yetu kabisa. Ukishika barabara inayotoka Kisii kupitia Mosocho kuelekea Kisumu, ukifika Oyugis umekwisha ingia Homa Bay. Katika mji wa Homa Bay, mwezi Mei 1982, kituo kidogo cha kijamii kilifunguliwa kwa msaada wa UNESCO, kikiwa na mitambo ya bei nafuu na kikitangaza kwa Kijaluo. Wataalamu wa mawasiliano hadi leo hukitaja miongoni mwa vituo vya kwanza vya aina hiyo barani Afrika. Mwaka 1984 serikali ilikifunga. Katika nchi ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa imesikia mapinduzi yakitangazwa redioni, kipaza sauti kilichoko mbali na Nairobi kilionekana ni hatari.

Ilichukua miaka ishirini kwa wanawake wa Mang'elete, kule Ukambani, kupata redio yao mwaka 2004, na sheria ya utangazaji ya 2009 ikavitambua rasmi vituo vya kijamii. Sidai kwamba ni kazi rahisi. Umeme hulipiwa, mtambo huharibika, na kijana akishajua kutangaza huchukuliwa na kituo chenye mshahara. Lakini hakuna sheria leo inayowazuia watu wa Mosocho, penye shule kama Cardinal Otunga, kulifikiria jambo hilo.

Wakati huo wa kufikiria, liko dogo linalowezekana upesi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, KICD, iliyorithi kazi ya KIE, ilirejesha masomo hewani kupitia Redio Taifa na idhaa ya Kiingereza ya KBC. Kwa hivyo, hoja kwamba redio ya masomo imepitwa na wakati haina msingi, ilipohitajika ilipatikana. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataka watoto wa madarasa ya chini wafunzwe lugha ya eneo lao, na mwalimu wa Ekegusii ana vitabu vichache mno vya kumsaidia. Vitendawili anavyovihitaji, nyimbo za obokano, majina ya mimea na ya misimu, yote yamo vinywani mwa wazee walio hai, na kwa sehemu yamo katika kanda zilizorekodiwa na Sauti ya Kenya kwa fedha za umma.

Minto ni kituo cha umma. Kinaweza kuombwa nusu saa mbili kwa wiki wakati wa masomo, kwa ratiba iliyochapishwa kabla ya muhula, na ruhusa ya kuzitumia kanda hizo. Vituo vya kibiashara navyo viulizwe, hadharani, kama vinaweza kutoa muda kama huo bila kuuuza. Wanafunzi wa sekondari wakiwa na simu moja na mwalimu mwenye subira wanaweza kuwarekodi bibi na babu zao wenyewe na kupeleka kazi hiyo kituoni. Wakuu wa shule za Kitutu Chache Kusini hukutana mara kwa mara kuzungumzia mitihani na karo. Barua ya ombi hili haitawachukua muda mrefu kuiandika, na jibu litakalotoka litatuonyesha kama saa ya mwalimu inaweza kurudishwa bila kungoja janga jingine.