ZAWADI ZA GHUBA: TUSIWATOZE KODI NDUGU ZETU



Twataka kusema neno juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika ajenda ya mkutano wetu, lakini linamgusa kila mfanya kazi mwenye ndugu yake Uarabuni. Jambo hilo ni zawadi. Mwisho wa mkataba ukikaribia, simu hulia kutoka Muhuru Bay kwenda Dubai, Doha, Riyadh na Jeddah. Mama ataka blanketi zito. Mjomba ataka simu. Shangazi ataka manukato. Watoto wa kaka wataka viatu. Hata vijana wa ufukweni ambao hawajui alikwenda mwaka gani huuliza, "Na sisi je?" Na anayeulizwa ni binti aliyepiga deki nyumba ya watu miaka miwili, au kijana anayelinda mlango wa duka usiku kucha.

Hatusemi kwamba desturi ya zawadi ni mbaya. Wazee wetu waliotoka Nyanza kwenda kufanya kazi Mombasa na Nairobi, katika reli na gatini, walipopata likizo hawakurudi mikono mitupu. Walileta blanketi, sukari, taa ya chemli, na aliyejaliwa alileta baiskeli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zawadi ilikuwa njia ya kusema: nilikuwa mbali, lakini sikuwasahau. Neno hilo ni jema, nasi hatutaki life.

Lakini yafaa tutazame tofauti. Mzee yule wa zamani kazi ikimshinda aliweza kufunga sanduku lake na kurudi kwao. Mfanya kazi wa Ghuba amefungwa kamba mbili.

Kamba ya kwanza ni ile iitwayo kafala. Ruhusa yake ya kukaa katika nchi imefungwa kwa mwajiri mmoja, na waajiri wengine humnyang'anya na pasipoti, ijapokuwa sheria inakataza. Qatar ililegeza kamba hiyo mwaka 2020 ilipoondoa sharti la kuomba idhini ya mwajiri ili kubadili kazi, na tangu Machi 2021 imeweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi. Lakini katika Emirates na Saudia mfanya kazi hana chama kama hiki chetu, wala hana ruhusa ya kugoma. Na hatari si maneno ya baraza tu. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ililiarifu Bunge letu kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa miaka miwili hivi, na wengi wao walikuwa wafanya kazi wa nyumbani.

Kamba ya pili haikushikwa na Mwarabu. Tumeishika sisi wenyewe huku nyumbani. Dada anapoona mwajiri wake ni mbaya, au mkataba umekwisha na afya imepungua, jambo la kwanza analojiuliza si, "Nitapataje tikiti?" Hujiuliza, "Nirudi na nini?" Akikumbuka orodha ya simu zile, anaona haya. Anaongeza miaka miwili. Tumesikia neno hili kwa ndugu wengi waliorudi, wanawake kwa wanaume, hata hatuwezi kusema ni jambo la mtu mmoja. Basi tukiilaumu kafala mkutanoni, kisha jioni tukapiga simu kuagiza televisheni, tunafungua kamba moja na kukaza nyingine.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu analipwa ule mshahara wa chini wa Qatar, riyali 1,000. Tuseme ana watu ishirini wa kuwaletea, na katika boma la Kijaluo ishirini si wengi. Akimpa kila mmoja kitu cha riyali 50 tu, mshahara wa mwezi mzima umekwisha, na bado hajanunua sanduku la kuvitia. Wengi walikwenda kwa deni la wakala, la daktari na la nauli. Mtu wa namna hiyo akirudi na masanduku matatu na mfuko mtupu, baada ya mwezi mmoja atakuwa anaazima fedha za unga kwa wale wale aliowavisha viatu.

Basi achague nini? Sisi twaona hivi.

Kwanza, asibebe kwa ndege kitu ambacho kimekwisha kuja kwa meli. Hapa sisi wa reli twaweza kusema kwa ujuzi. Kontena hupakiwa katika bandari kama Jebel Ali, hushushwa Mombasa, na tangu mwaka 2018 treni ya mizigo ya reli mpya huzifikisha Nairobi. Blanketi lile la China linalouzwa Dubai limo ndani ya kontena zile, na chupa ya chai imo, na sufuria imo. Yule anayekwenda sokoni Migori atavikuta huko. Ndege humpa abiria kilo 23 au 30 hivi, na kilo inayozidi hulipiwa sana. Kulipia blanketi kiti cha ndege ni hasara. Kama mama ana baridi, atumiwe fedha kwa simu, anunue blanketi Migori kwa mkono wake, achague na rangi aipendayo.

Pili, kwa watu wengi alete kitu kinachogawanyika. Kilo chache za tende au peremende huenea ukoo mzima na jirani pia, kila mtu akala na kushukuru. Hakuna anayepima tende yake na ya mwenziwe. Lakini ukimletea shemeji mmoja simu na mwingine fulana, umenunua ugomvi kwa fedha zako.

Tatu, dhahabu. Wengi husifu soko la dhahabu la Deira, Dubai, na ni kweli kwamba kwa mwanamke asiye na akaunti ya benki dhahabu ni akiba inayobebeka. Lakini ajue anachonunua. Dhahabu ya karati 22 hugongwa namba 916, na ya karati 18 hugongwa 750. Bei ya gramu hutangazwa kila siku. Juu yake sonara huongeza ujira wa kazi ya mikono, na hapo ndipo pa kubishania bei, kwa kuwa siku ya kuuza ujira huo haurudi. Pete ya nakshi nyingi ni pambo. Anayetaka akiba anunue kitu cha kawaida, atunze risiti, na akibebe mwilini, si katika sanduku linalotupwa chini ya ndege.

Tena kuna jambo la kutufikirisha sisi watu wa Nyatike. Dhahabu iko miguuni petu. Mgodi wa Macalder ulichimbwa tangu enzi za ukoloni, na hata leo vijana wetu wanashuka katika mashimo yanayoporomoka, na kina mama wanaosha mchanga kwa zebaki iliyo sumu. Dhahabu nyingi ya Afrika huishia Dubai. Ndugu yetu akileta pete kutoka huko, huenda ni mchanga wa Afrika umetembea kwenda na kurudi, na kila mtu wa njiani amepata faida kuliko yule aliyeuchimba. Jambo hilo litahitaji makala yake.

Nne, azijue kodi. Emirates zilianza kodi ya mauzo ya asilimia 5 mwaka 2018. Saudia ilianza vivyo hivyo mwaka 2018, kisha Julai 2020 ikapandisha hata asilimia 15. Maana yake katika kila riyali mia za bidhaa huongezwa kumi na tano za serikali. Huko Emirates mtalii hurudishiwa kodi akitoka, lakini mfanya kazi mwenye kibali cha kukaa harudishiwi. Na akifika Nairobi kuna forodha yetu. Mwezi Novemba 2023 KRA iliwakumbusha abiria kwamba mtu akileta vitu vya thamani ya dola 500 au zaidi hutozwa ushuru, na kelele nyingi zikapigwa nchini. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo aulize kabla ya kufunga sanduku, na risiti azishike mkononi.

Tano, kama lazima alete kitu kikubwa, na kiwe kitu cha kazi. Wavuvi wetu wa omena huvua usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuwasha taa juu ya maji. Zamani walitumia karabai, sasa taa za betri na za jua. Taa nzuri huleta samaki kila usiku, lakini manukato huisha katika chupa. Aliyejifunza umeme au mabomba huko alete vyombo vyake vya ufundi. Ila nyavu za uzi mmoja wa plastiki asizinunue hata kidogo; sheria ya Kenya imezikataza, na zikikamatwa huchomwa moto.

Na mama anayeuza omena, zawadi yake kubwa ni mtaji. Sote twaijua desturi mbaya ya ziwani iitwayo jaboya, ambayo humlazimisha mwanamke kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki. Mwanamke mwenye fedha zake, au mwenye fungu katika mtumbwi, hana haja ya kumnyenyekea mtu. Binti akimwekea mama yake fungu la mtumbwi, au akamjengea chanja za kuanikia omena zisilale mchangani, amempa zawadi ambayo haikuuzwa katika duka lolote la Dubai.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote, alete karatasi zake: pasipoti, nakala ya mkataba, barua ya mwajiri ya kuthibitisha kazi, vyeti, na kitabu cha akiba.

Wako watakaosema, "Asiyeleta zawadi amedharau ukoo." Tunawajibu: mwaka 2024 Benki Kuu ilihesabu kwamba Wakenya walio nje walituma nyumbani dola za Marekani bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa nchi za mwanzo zilikotoka fedha hizo. Karo ya shule ililetwa. Mabati yaliletwa. Dawa ya baba ililetwa. Zawadi ilikwisha kufika mwezi baada ya mwezi kabla mwenyewe hajapanda ndege. Ukoo unaosahau hayo na kuhesabu masanduku barabarani ndio uliodharau.

Kwa hiyo twaomba matawi yetu yafikirie mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama mwenye ndugu Ghuba ampigie simu na kumwambia waziwazi: "Rudi siku yoyote utakapoona vibaya, hata kwa kanga moja. Mlango uko wazi." Maneno hayo hayana gharama, na huenda yakaokoa mtu. La pili, anayeagiza kitu atume fedha zake kwanza, asiyetuma asiagize. La tatu, vyama vyetu vya akiba na mikopo vipokee akiba ya ndugu hao kwa jina lao wenyewe, si kwa jina la kaka wala la mjomba, ili siku ya kurudi wakute jasho lao lipo.

Ndugu, sisi tunajua kazi ya kusafirisha mizigo. Twajua behewa likipakiwa kupita kiasi huvunja ekseli, na hasara yake si ya behewa peke yake. Ndugu zetu walio Ghuba wamepakiwa vya kutosha na waajiri. Tuwapunguzie mzigo sisi tulio damu yao. Na yule atakayeshuka katika matatu pale Muhuru Bay akiwa na mkoba mmoja, mzima wa mwili, na pasipoti yake mfukoni, tumpokee kwa nderemo ile ile.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli,
mwenyeji wa Muhuru Bay