Nchelenge: Viti vinane, mikanda mingapi?

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa kaskazini mwa Zambia hutoka Japani, yakishushwa Dar es Salaam na kuingizwa kupitia Nakonde. Familia yenye watoto wadogo huuliza kwanza bei, kisha idadi ya viti. Mikanda huulizwa mwisho, ikiulizwa.

Gari lililokuwa likibeba samaki wa Kashikishi huenda liling'olewa viti vya nyuma, vikarudishwa siku ya kuuzwa bila mikanda (harufu nayo haifichiki). Shirika la Afya Duniani linasema kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo kwa asilimia 60, lakini katika magari haya ya zamani kiti hicho hushikiliwa na mkanda wa gari. Kwa hiyo Corolla ya viti vitano yenye mikanda kamili ni bora kuliko Noah ya viti vinane iliyopungukiwa, tena hula mafuta kidogo.

Mlango pia una uzito wake. Noah nyingi za zamani zina mlango mmoja wa kuteleza, upande wa kushoto. Nchini Zambia, ambako magari hupita kushoto, mtoto hushukia ukingoni. Familia ikivuka mpaka kwenda Pweto, Kongo, ambako hupita kulia, mlango uleule humshusha katikati ya barabara.