Kelele ya Redio: Mchawi Yumo Nyumbani

Mkazi wa Dar es Salaam, mwenye umeme ukutani na simu mkononi, aghalabu huidhania redio ya upepo kuwa ni chombo cha mabaharia na askari tu. Mkazi wa delta ya Rufiji, ambaye safari yake ya zahanati hupita katika mito ya mikoko, ana hesabu nyingine. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliwaondoa maelfu ya wananchi wa wilaya za Rufiji na Kibiti katika makazi yao. Matope hayajakauka, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zikakatika, na intaneti ikazorota nchini. Redio ya mawimbi mafupi haingoji mnara wala waya wa baharini.

Tena delta hiyo si ngeni kwa redio. Mwezi wa Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa imejificha katika mito hiyo, ndege za Waingereza ziliruka juu yake zikipeleka habari kwa redio, zikiwaelekeza wapiga mizinga wasioiona shabaha yao.

Siku hizi anayetaka kurusha mawimbi kwa ridhaa huomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na Tanzania hutambulikana hewani kwa herufi 5H. Wengi huiunganisha redio na kompyuta, kwani mtindo wa FT8, uliotolewa mwaka 2017, huwezesha kompyuta kusoma ishara hafifu ambazo sikio halizipambanui. Lakini kompyuta hiyo hiyo huja na kelele zake, na mwenye redio akailaumu hali ya hewa, au fundi, au mbingu.

Kwanza sikiliza ni kelele ya namna gani. Mvumo mzito usiokoma, kama wa nyuki ndani ya mzinga, hutokana na umeme wa nyumbani wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Redio na kompyuta zimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, na waya wa sauti ulio kati yao umekuwa daraja la umeme usiotakiwa. Chomoa chaja, uiache kompyuta itumie betri yake. Mvumo ukifa, umempata. Dawa yake ni transfoma ndogo ya sauti, yenye mizunguko sawa pande zote mbili, iwekwe katikati ya waya huo: sauti itapita, ardhi hazitaonana. Wapo wanaoukata mguu wa ardhi wa plagi ili kuunyamazisha mvumo. Huo ni ujinga wa hatari. Mguu ule umewekwa kulinda maisha.

Mkwaruzo mkali ni jambo jingine. Huo huzaliwa na vifaa vinavyokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde: chaja za simu, inveta, balbu za LED za bei rahisi, na kontrola ya paneli ya jua. Katika vijiji vya delta vinavyotegemea jua, jua lenyewe ni shahidi. Kelele ikianza asubuhi na kukoma magharibi, ishuku kontrola. Ikianza taa zinapowashwa, zishuku balbu. Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, kisha uitembeze chumba kwa chumba huku watoto wakizima kifaa kimoja kimoja. Hata wewe wa Temeke ambaye redio yako inakoroma wakati wa taarifa ya habari waweza kufanya hivyo.

Kompyuta ikiganda kila unapobonyeza kuzungumza, basi mawimbi yako mwenyewe yanakurudia kwa kupitia nyaya. Punguza nguvu, isogeze antena mbali na nyumba, na uzungushe nyaya mara kadhaa katika pete ya feraiti. Kadhalika usiifungulie sauti ya kompyuta hadi mwisho. Ikizidi, ishara hupotoka na kuwachafulia wenzako. Zima pia milio yote ya programu nyingine, la sivyo ujumbe wa shemeji yako utalia hewani hadi Muskat.

Feraiti si lazima inunuliwe. Lile donge jeusi lililo karibu na ncha ya waya wa skrini ya kompyuta iliyokufa ndilo hilo. Yapo yanayofunguka kwa kucha na kubanwa upya penye waya mwingine. Kazi yote hii humalizika kwa siku moja, na siku yenyewe iwe ya Januari au Februari, kabla masika hayajaingia.