*MPANGAJI WA STENDI SI MPITA NJIA*

_Maoni ya Katibu Mwenezi wa Tawi kwa wanachama wote_



Kikao cha wiki iliyopita kilivunjika bila muafaka. Wengine mmenipigia simu mkiuliza kwa nini nilipinga hoja ya tawi kuiandikia Serikali ya Mtaa ili wapangaji wa vyumba vya nyuma ya stendi "wadhibitiwe". Naeleza hapa kwa maandishi, maana siku ile nilikuwa nashindana na honi.

Mbezi Luis ilikuwa njia panda tangu zamani. Daladala za Goba, Makabe na Malamba Mawili zinakutana hapa, na Barabara ya Morogoro inapita katikati yetu. Lakini mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilipohama Ubungo kuja hapa, mji mzima ulihama nayo: mawakala wa tiketi, makuli, mama lishe, bodaboda, gesti. Mwaka 2023 Serikali ikaruhusu mabasi kusafiri usiku, na tangu hapo saa nane za usiku hapa ni kama saa nane za mchana. Wenye watoto wa shule mnajua ninachosema.

Kwa hiyo sipingi kwamba tunachoka. Wizi nao upo. Mwaka jana niliporwa simu kwenye kichochoro kinachotoka stendi, saa tatu usiku, mahali ambapo hakuna taa hata moja. Aliyenipora sikumwona sura. Aliyekuja mbio kunisaidia nilimwona vizuri: ni kijana wa kubeba mizigo, amepanga chumba kimoja na wenzake watatu, nyumba ya pili kutoka kwangu. Nilikuwa nampita kila siku bila salamu. Hoja yetu ya kikao ingemhesabu yeye kuwa ndiye tatizo.

Na tuambizane ukweli, ndugu zangu. Waliosema kwa sauti kubwa zaidi kuhusu "watu wasiojulikana" ni wenye nyumba. Hao wasiojulikana wamewalipa kodi ya miezi sita mbele! Ukipokea kodi ya mtu, huwezi tena kusema humjui. Mchukue jina, mpeleke kwa mjumbe, aandikwe. Hiyo kazi ni ya mwenye nyumba, na wengi wetu hatuifanyi.

Yupo mwanachama wetu, mama lishe, amekaa mtaa huu tangu stendi ifunguliwe. Kikundi chake cha akina mama kilitaka kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Alipofuata barua ya utambulisho akaambiwa yeye ni "mtu wa stendi", arudi kwao akaombee huko. Kwao wapi? Watoto wake wanasoma hapa. Alikuja kwetu kuomba tumsemee, na kwa aibu yangu nilimjibu tutaangalia. Hatukuangalia.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 haukuuliza nani ana hati ya kiwanja. Mkazi wa mtaa mwenye miaka 18, aliyejiandikisha, alikuwa na haki ya kupiga kura, awe na ghorofa au awe na godoro sakafuni. Tulipokuwa tunatafuta kura tulibisha hodi kwenye vyumba hivyo hivyo. Tuliwaita "ndugu wakazi". Leo tunataka kuwaita nini?

Wazee wa hapa hawajasahau mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara. Mtu aliyekaa miaka mingi na kujihesabu mwenyeji wa kudumu aliamka akiwa anatafuta chumba cha kupanga. Baadhi yenu mnaosoma ujumbe huu mlikuwa wapangaji kwa sababu hiyo. Na Ubungo wamekwisha kuona stendi inavyoondoka na riziki za watu. Penye stendi, mwenyeji na mgeni ni suala la nani alitangulia kushuka.

Ninachopendekeza ni hiki. Tufute ile barua. Tuandike nyingine ya kuomba taa kwenye vichochoro viwili vinavyotoka stendi na kuzibuliwa kwa mtaro wa upande wa chini, na tukusanye sahihi za wapangaji pamoja na za wenye nyumba. Tuombe pia mkutano wa mtaa uhamishiwe saa nane mchana. Ukiitwa saa nne asubuhi, mama lishe yuko jikoni na kuli yuko juu ya basi, halafu mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu kumi na wawili tunaojuana.

Yule mama nitakwenda naye mwenyewe ofisi ya mtaa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Nahitaji wanachama wawili wa kuongozana nasi, na ingependeza mmoja awe mwenye nyumba. Kikao cha kuamua barua ipi iende ni Jumamosi saa kumi jioni, palepale. Mwenye mpangaji aje naye.

Katibu Mwenezi wa Tawi